Maziwa Yanayopasua Chuma

Kwa miezi mitatu maziwa yangu yalipasua chuma. Sisemi kwa kujisifu. Waliogundua ni wanaume watatu wazima, wenye akili zao na ovaroli zao, na mimi nililipokea jambo hilo kama nilivyopokea mengine mengi mwaka ule: mtoto mgongoni, ufagio mkononi.

Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kufunga kiwanda cha ushirika na kuwaambia watu waende nyumbani wakajitegemee. Mwanza ilijaa mitumba, redio za betri na watu waliopunguzwa kazi. Viwanda vya samaki vikafunguliwa kando ya ziwa, minofu ya sangara ikapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tuliozaliwa tukisikia mawimbi tukapewa uhuru kamili wa kununua mapanki, yaani kichwa, mkia na mifupa iliyobaki katikati. Baba wa mtoto wangu naye aliutumia uhuru wake. Alivuka kwa kivuko cha Kamanga kwenda kutafuta dhahabu upande wa Geita, akaahidi kurudi baada ya mwezi mmoja. Naamini bado anaitafuta.

Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, daraja lake si la kutaja mbele ya wageni, na binti wa miezi mitatu. Nikapata kazi kwenye karakana ya kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba, njia ya kwenda Butimba. Mwenye kiwanda alikuwa tajiri wa Kihindi, mzaliwa wa mjini pale kama baba yake na babu yake, aliyesema Kisukuma kizuri kuliko mimi niliyetoka kisiwani Ukerewe. Kazi yangu iliitwa karani wa stoo. Maana yake nilifagia, nilichemsha chai, nilitunza funguo, na nilisoma chochote kilichoandikwa kwa Kiingereza juu ya boksi.

Mashine ya kukamulia ina mhimili mmoja mrefu, na juu ya mhimili huo vimevishwa vipande vya skrubu, kila kimoja kinene kama paja la mtu mzima. Mbegu zinaingia huku, skrubu inazisukuma na kuzibana, mafuta yanachuruzika, mashudu yanatoka kule. Tatizo ni kwamba mbegu za miaka ile zilikuja na mchanga wake. Tangu biashara ya pamba iwe huria kila mnunuzi alinunua kwa kilo, na mkulima si mjinga. Ule mchanga ukala skrubu kama mchwa anavyokula mlango. Kipande cha mdomoni, kile kinachozipokea mbegu, ndicho kilichoumia zaidi. Meno yake yalibaki kama fizi za bibi.

Kipande kipya kilipaswa kutoka nje ya nchi. Tajiri akaona njia ya karibu: akanunua lundo la vipande vilivyolika kutoka kwenye kiwanda kilichokufa, na maboksi mawili ya vijiti maalumu vya kuchomelea. Kila kijiti kilikuwa mrija wa chuma, na ndani ya mrija mlikuwa na chenga nyeusi, ngumu kiasi cha kukwaruza kioo, kitu cha jamii ya kigae kuliko jamii ya chuma. Unachomelea juu ya skrubu, mrija unayeyuka, chenga haziyeyuki, chuma kikiganda zinabaki zimeng'ang'ania humo humo. Unaongeza tabaka juu ya tabaka hadi jino la skrubu lirudi kimo chake. Chuma kinashika, kigae kinazuia kulika. Ndoa nzuri sana, kama ndoa zote kabla ya harusi.

Fundi mkuu alikuwa mtu wa makamo kutoka ukoo wa wahunzi. Kiwanda cha ushirika kilimpunguza, kiwanda cha tajiri kikamwokota. Mkono wake ulikuwa mzuri, hilo siwezi kumnyima. Alichomelea mstari ulionyooka kama mshono wa cherehani. Chini yake walikuwapo mafundi wawili ambao kazi yao kubwa ilikuwa kumkubalia. Na alikuwa na ndoo. Ndoo ya bati iliyojaa maji, ilikaa kando ya meza yake kama mtu wa nne. Kwao, chuma kilichotoka motoni sharti kinywe maji. Babu yake alinywesha majembe, baba yake alinywesha mashoka, na yeye akanywesha skrubu.

Kipande cha kwanza kilipoingia ndooni kilitoa sauti. Ta! Kama mtu anayevunja muwa kwenye goti. Tabaka zima lilibanduka kama ganda la yai. Cha pili vivyo hivyo. Cha tatu hakikungoja hata ndoo. Kilianza kulia kikiwa mezani, na kilipofika majini kikamalizia. Fundi akasimama akivitazama vile vipande vitatu, akatazama vijiti, akatazama mashine ya umeme, akatazama dari. Mtu anayetafuta sababu hutazama kila mahali isipokuwa kwenye ndoo yake.

Mwishoni akanitazama mimi.

"Mayu," akaniita, yaani mama kwa Kisukuma, kwa upole, ule upole wa mtu anayekuja kukuumiza. "Wewe bado unanyonyesha?"

"Shikamoo kwanza, Baba."

"Marahaba. Unanyonyesha?"

"Mtoto ana miezi mitano. Ulitaka nimpe mashudu?"

Hakucheka. "Kwetu mwanamke mwenye maziwa hakaribii moto wa chuma. Chuma kinaona wivu, kinapasuka. Babu alikuwa anachoma mbali kabisa na nyumba, na bibi hakanyagi huko."

"Kinaona wivu wa nini? Kinataka ziwa?"

"Usifanye mzaha na vitu hivi."

"Baba, kilipopasuka cha pili mimi sikuwepo. Mtoto alikuwa na homa, tulikuwa zahanati siku nne."

Fundi akaitazama dari tena. Mmoja wa wale wakubali-mambo akamwokoa. "Harufu ilibaki," akasema.

Nimesoma fizikia hadi kidato cha nne, na humo sikuwahi kukutana na kanuni ya harufu iliyobaki. Labda ilikuwa ya kidato cha tano.

Habari zikafika kwa tajiri. Yeye hakuwa mtu wa miko, alikuwa mtu wa msimu. Akaja karakana, akavigusa vile vipande kwa ncha ya kiatu.

"Mama," akaniambia, "mimi sijui maziwa. Mimi najua msimu wa pamba unakaribia kufunguliwa na mashine haina mdomo. Vipande vinavyofaa vimebaki viwili. Hivi vingine ni chuma chakavu. Mkifika mwisho bila skrubu, nitafanya anavyotaka fundi. Sina namna."

Alivyotaka fundi ni mimi niondoke. Nilijua ningeondoka kwenda wapi. Mwanamke mwenye mtoto mchanga na bila mtu alikuwa na mlango mmoja uliokuwa wazi, nyuma ya viwanda vya samaki, kwenye vichanja vya kukaushia mapanki. Niliwaona wale wanawake kila jioni wakirudi, macho mekundu kwa moshi, watoto wanakohoa migongoni kama wazee. Binti yangu alikuwa tayari ana kifua. Usiku nikimlaza nilisikia pumzi yake inakwaruza. Kwa hiyo nilipoambiwa suala ni skrubu, mimi nilielewa suala ni kifua.

Sasa, lazima niseme kitu kuhusu mama yangu. Mama yangu ni mfinyanzi. Mikono yangu ilishika udongo kabla haijashika kalamu. Kabla ya kufinyanga, Mama hutwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika, anavichekecha, anavichanganya na udongo mbichi. Udongo mtupu una hasira, ndivyo anavyosema, ukiguswa na moto unapasuka. Ukiuchanganyia chenga za chungu kilichokwisha kuuona moto, zinautuliza. Halafu hapeleki chungu motoni kikiwa baridi, hata kama mnunuzi amesimama mlangoni. Kwanza anakipasha, anawasha nyasi kavu ndani yake kidogo kidogo, hadi mkono usiweze kukaa. Na moto ukiisha, vyungu haviguswi. Vinalala ndani ya majivu yao mpaka vipoe kwa hiari yao. Nikiwa na miaka tisa nilikuwa na haraka ya kwenda kuogelea, nikakitoa kimoja kwa fimbo, nikakiweka kwenye mchanga wenye maji. Ta! Mlio ule ule. Ukafuatiwa na mlio mwingine, wa kofi.

Na Mama pia ana mwiko wake. Mwanaume hapiti karibu na vyungu vinavyochomwa, kwa sababu kivuli cha mwanaume kinapasua. Chungu kikipasuka siku ambayo hakuna mwanaume aliyeonekana, Mama husema basi alipita beberu. Kwa hiyo mimi nimelelewa nikijua kwa hakika kwamba wanaopasua ni wanaume. Fikiria mshangao wangu nilipofika Mwanza na kukuta mambo yamegeuzwa.

Karatasi niliipata chini ya mguu wa meza. Meza ya stoo ilikuwa na mguu mmoja mfupi, mtu akakunja karatasi mara nane akauwekea. Siku ile niliivuta kwa hasira tu, nikitafuta kitu cha kuchana. Kumbe ilikuwa karatasi ya maelezo ya vile vijiti. Miezi yote ile elimu ilikuwa inafanya kazi moja tu pale kiwandani, kuzuia meza isiyumbe.

Kilikuwa Kiingereza cha viwandani, sentensi fupi zisizo na salamu. Pasha chuma joto kabla ya kuchomelea. Usiache kipoe kati ya tabaka na tabaka. Usizidishe joto. Kipoze polepole. Usitumie maji. Hiyo ya mwisho iliandikwa kwa herufi kubwa, kana kwamba aliyeiandika alikuwa ameiona ile ndoo.

Nikampelekea fundi. Nikamsomea, nikamtafsiria, nikamweleza kama nilivyoelewa mimi. Chuma cha moto kikiganda kinasinyaa. Mwili wa skrubu ulio baridi hausinyai nacho, kwa sababu haukutanuka. Juu kinavuta, chini kimegoma, na katikati chenga zimekaa kama wazee wa baraza wasiotaka kusogea. Ukimwaga maji hapo hakuna nafasi ya kusuluhishana. Lazima kitu kikatike.

"Kiingereza hakishiki koleo," akasema fundi.

"Na koleo halisomi. Ndiyo maana tuko wawili."

Lakini alikuwa amesikia. Kesho yake nikamkuta amekata pipa nusu, amelijaza mkaa, na amekizika kile kipande cha kwanza kati ya viwili humo ndani. Nikafurahi kwa dakika kama tano hivi. Kipande kilipofika joto ambalo Mama angelikubali, hakukitoa. Kilipofika joto ambalo Mama angepiga kelele, hakukitoa. Kilikuwa chekundu kama pilipili iliyoiva, na bado akaenda kuongeza umeme wa mashine.

"Baba, karatasi imesema usizidishe."

"Joto ni dawa au si dawa?"

"Ni dawa."

"Basi dawa haidhuru."

Mtu anayesema hivyo hajawahi kumpa mtoto klorokwini ya malaria. Kabla sijajibu akanituma nikanunue gunia lingine la mkaa, mbali iwezekanavyo. Niliporudi nikakuta watu wanapongezana. Kipande kilikuwa kimepoa pembeni, nje ya ndoo, na hakikupasuka. Hata ufa. Kilikuwa kizuri, laini, kinang'aa.

"Umeona?" fundi akaniambia. "Ulipoondoka tu."

Kilifungwa kwenye mashine kujaribiwa kwa mbegu za msimu uliopita. Wiki moja baadaye kilikuwa kimelika kama kipande cha sabuni ya mche. Nilimwomba mmoja wa wale mafundi wawili akikate kwa msumeno, mimi na fundi tukasimama karibu. Juu msumeno ulipita kama kwenye chuma cha kawaida kabisa. Ulipokaribia chini ukapiga kelele, ukateleza, ukapoteza meno. Chenga zote zilikuwa huko chini. Ni nzito kuliko chuma. Walipokipa moto wa jehanamu kilibaki uji kwa muda mrefu, zikazama. Na nyingine, zile ndogo, sikuziona kabisa. Nadhani ziliyeyuka kama sukari kwenye chai.

Mtu yeyote aliyewahi kupika kashata za kuuza shuleni anajua. Sukari ikiwa baridi, karanga hazishikwi, kashata inavunjika mkononi. Ukiichemsha kupita kiasi, karanga zinazama na kuungua, juu unabaki na sukari tupu. Kuna wakati mmoja tu katikati ambapo sukari inaanza kuganda ikiwa imezikumbatia karanga pale pale zilipo. Wakati huo hauhitaji ukoo wa wahunzi. Unahitaji mtu asiyetoa macho kwenye sufuria.

"Tatizo," fundi akamwambia tajiri mbele yangu, "ni kwamba alirudi na mkaa kabla hakijapoa vizuri."

Hapo nikaishiwa adabu. Sikumbuki vyote nilivyosema. Kuna vingine mama yangu asingependa viandikwe. Ninachokumbuka ni mwisho.

"Kimebaki kimoja," nilimwambia tajiri. "Fundi achomelee, mkono wake hauna mpinzani. Lakini joto nisimamie mimi. Mimi niseme lini aanze, lini angoje, lini aendelee. Na mtoto nitamnyonyesha pale pale, mbele ya chuma chenyewe, mchana kweupe. Kama ni maziwa, tujue ni maziwa."

Tajiri akamtazama fundi. Fundi akatazama dari, rafiki yake wa zamani.

"Na kikipasuka, Mama?"

"Utanikuta nimeshafunga mzigo."

Karatasi ilitaja nyuzi za joto, na sisi kipimajoto kilichokuwepo mtaani ni kile cha zahanati cha kuweka kwapani. Skrubu haina kwapa. Nilikaa jioni nikiwaza hilo huku nikijikaangia bisi, na hindi moja likarukia kanga yangu. Basi. Hindi halipasuki mpaka joto lifike mahali pake, karibu na zile nyuzi za karatasi kwa makisio yangu, halichelewi sana na haliongopi, na halijui nani ananyonyesha. Asubuhi nikaenda kazini na mahindi ya bisi kwenye pindo.

Tulianza saa mbili. Nikasema mkaa uwe kidogo na kipande kigeuzwe kila mara, kisipashwe upande mmoja kama samaki wa mvivu. Nikaweka hindi la kwanza juu ya chuma. Likakaa tu, linatutazama. La pili likabadilika rangi. La tatu likatetemeka, pa! likaruka hadi kwenye ovaroli ya fundi.

"Anza," nikasema.

Alichomelea tabaka la kwanza. Kusema kweli ilikuwa raha kumtazama. Moto ule mdogo wa buluu ulitembea polepole na nyuma yake chuma kikaganda kikiwa na madoa ya chenga juu kabisa, zinaonekana kwa macho. Akataka kuunganisha la pili papo hapo.

"Simama."

"Mkono umeshapata moto, mayu."

"Na chuma pia. Simama."

Nikaweka hindi. Lilipasuka kabla sijaondoa kidole, likawa jeusi. Joto limezidi. Tukangoja. Hindi jingine, likachukua muda wake wa kiungwana, likapasuka jeupe. "Endelea." Ndivyo tulivyokwenda, tabaka, hindi, tabaka, hindi. Mara moja likagoma kabisa kupasuka na tukarudisha kipande kwenye mkaa. Wale mafundi wawili walianza kuokota bisi chini na kuzila. Angalau wao walipata faida ya mapema.

Katikati ya tabaka la nne binti yangu akaamka na kulia. Nikavuta kreti la soda, nikakaa hatua mbili kutoka kwenye pipa, nikampa ziwa. Fundi akageuka ukutani.

"Mayu, nenda basi nje hata kidogo."

"Siendi."

"Nakuomba kama baba yako."

"Baba yangu angekwambia uendelee kuchomelea kabla chuma hakijapoa. Weka hindi."

Akaweka hindi, uso ukiwa bado ukutani. Likapasuka. Akaendelea.

Alipomaliza tabaka la mwisho ilikuwa imepita saa nane. Na hapo, kwa mazoea ya babu na baba na maisha yake yote, akakishika kile kipande kwa koleo na kugeuka moja kwa moja kwenda kwenye ndoo. Sikumlaumu. Miguu yake ndiyo iliyokuwa inakwenda. Akafika, akainama, akasimama hivyo hivyo ameinama.

Ndani ya ndoo mlikuwa na nepi.

Nilikuwa nimeziloweka mimi, asubuhi, kabla hajafika. Nepi sita za siku mbili, na sabuni. Kuna mambo ambayo mhunzi wa kizazi cha tatu anaweza kuyafanya, lakini kutumbukiza kazi yake ya siku nzima kwenye nepi za mtoto wa mtu mwingine si mojawapo.

"Huku, Baba," nikamwambia. Nilikuwa nimejaza sanduku la mbao majivu makavu ya pumba za mpunga, mepesi kama unga. Tukakizika humo kipande kizima, tukakifunika, nikakalia sanduku mpaka muda wa kufunga karakana. Likanipasha makalio vizuri sana.

Asubuhi tulikifukua mbele ya tajiri. Kilikuwa bado na uvuguvugu, kama wali wa jana uliofunikwa vizuri. Fundi akapuliza majivu, akasogeza uso, akanyoosha kidole.

"Si ufa huu hapa?"

Zilikuwepo nyufa. Nyembamba kama unywele, zimekatiza meno ya skrubu, kama tope la pwani ya ziwa likianza kukauka. Nilihisi maziwa yanashuka yenyewe, kwa hofu, yakalowesha blauzi. Wakati mwafaka kabisa. Wote waliona.

"Karatasi imezitaja hizi, upande wa nyuma, kwa herufi ndogo," nikasema, na sauti yangu sikuipenda. "Chuma hiki kikiganda lazima kipumue mahali. Nyufa nyembamba za kukatiza hazina neno. Kibaya ni kubanduka."

"Karatasi," akasema fundi.

"Basi tusiulize karatasi. Tukiulize chenyewe."

Mama yangu hauzi chungu kabla hajakigonga kwa kifundo cha kidole. Chungu kizima kinaitika. Chenye ufa wa ndani kinajibu kama mtu mwenye mafua. Nikapitisha waya kwenye tundu la skrubu, nikaufunga kwenye boriti, nikachukua nyundo ndogo. Nikagonga.

Kililia kama kengele ya shule, ile ya ringi ya lori. Kililia, kikaendelea kulia, mpaka mlinzi wa getini akaja kuuliza kama ni saa ya chai. Nikagonga tena upande wa pili. Kikaitika vile vile. Tajiri akacheka, akachukua nyundo akagonga mwenyewe mara mbili tatu, kisha akamgeukia fundi, akampa mkono.

"Kazi nzuri sana, fundi."

Fundi akapokea ule mkono. Mimi nikaenda kufua nepi.

Kile kipande kilifanya kazi msimu wote. Mchanga ulikuja na mbegu kama kawaida, nacho kikausaga mchanga pamoja na mbegu. Nilibaki kazini. Hakuna aliyeniambia nibaki. Hakuna tu aliyezungumza tena kuhusu maziwa. Kazi yangu iliendelea kuitwa karani wa stoo, na kwenye orodha ya vifaa vya stoo nikaongeza kwa mwandiko wangu: mahindi ya bisi, kopo moja.

Mwaka uliofuata, binti yangu akiwa na mwaka na nusu na kifua chake kimetulia, nilimwachisha ziwa. Tajiri alikuwa amepata lundo jingine la vipande vilivyolika. Siku ya kuanza kazi pipa lilikuwa na mkaa, majivu yalikuwa sandukuni, ndoo ilikuwa mbali nje, na fundi alikuwa amesimama tu na koleo lake. Akaniita pembeni, kwa ule upole wake.

"Mayu. Nasikia umemwachisha mtoto."

"Ndiyo, Baba. Wiki iliyopita."

Akasugua shingo. Uso wake ulikuwa na wasiwasi wa kweli. "Ungengoja kidogo. Sasa tutafanyaje? Kile cha mwaka jana kilikubali kwa sababu ulinyonyesha mbele yake. Kikakuzoea. Hiki kitakubali vipi?"

Mwaka mzima. Karatasi nilikuwa nimeitafsiri na kuibandika ukutani kwa Kiswahili, herufi kubwa za kumtosha hata mwenye mtoto wa jicho. Mahindi tuliyapasua pamoja. Msumeno uliharibika meno mbele ya macho yake. Na yeye katika yote hayo aliona ziwa.

Nikachukua kopo, nikatoa hindi moja, nikaliweka kwenye kiganja chake.

"Weka mwenyewe."

"Mimi?"

"Wewe. Mimi nasimama kule mlangoni, siangalii."

Nikaenda mlangoni, nikampa mgongo. Nikasikia anainama. Nikasikia anahema. Kisha, pa! na koleo likaanguka chini kwa mshtuko.

"Limepasuka!" akapaza sauti. "Mayu, limepasuka! Jeupe!"

"Hongera, Baba," nikamwambia bila kugeuka. "Kumbe na wewe unanyonyesha."